Kitabu cha imani cha kusoma jikoni: mwongozo kwa familia za Mollo

Mahindi yakishaingia ghalani na maharage yakishapigwa, familia za Mollo, Sumbawanga, hupata kitu ambacho msimu wa kilimo uliwanyima: jioni ndefu. Baridi ya Ufipa ya Juni na Julai huwaondoa watu barazani mapema, na jikoni penye moto ndipo baba, mama, watoto na bibi hukutana wote kwa pamoja. Ni wakati mzuri wa kuanzisha ibada ya nyumbani, na kwa nyumba nyingi ndio wakati pekee ambao hela ya kununulia kitabu hupatikana. Kwa hiyo tuzungumzie kitabu chenyewe: kipi ununue, kipi ukikwepe, na mkisomeje hata mtoto wa darasa la tatu asisinzie.

Mimi napima kitabu cha familia kwa jambo moja. Kikishafungwa, watu wa nyumba ile wanaweza kuambiana lililo moyoni kuliko jana, au wanaogopana zaidi? Jalada zuri, jina kubwa la mwandishi na wingi wa aya zilizonukuliwa haviwezi kuchukua nafasi ya kipimo hicho.

Kama nyumba haina Biblia, anza na hiyo. Wazee wengi waliokariri mistari waliikariri kutoka Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, na hawapendi ibadilishwe. Watoto huielewa upesi zaidi Biblia Habari Njema, ambayo Kiswahili chake ni cha leo. Zikiwepo zote mbili, mtoto asome hii, mzee afuatilie ile, na panapotofautiana mpate la kuongea. Wapo pia wanaooana kutoka makanisa mawili, baba Mkatoliki na mama Mmoravian, au kinyume chake. Hao wajue kabla ya kununua kwamba Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66. Tofauti hiyo isiwe ugomvi. Kitabu cha Tobiti, kilichomo katika ile ya Kikatoliki, ni hadithi ya familia tangu mwanzo hadi mwisho: baba kipofu, mama mwenye hasira ya haki, kijana anayetumwa safari ya mbali kufuata fedha na kurudi na mke. Hata asiyekihesabu kuwa Maandiko atakisikiliza.

Kosa la kawaida ni kuanza Mwanzo sura ya kwanza kwa nia ya kumaliza Biblia nzima. Familia hufika Mambo ya Walawi, ikachoka, na kitabu kikarudi kabatini. Chukua kipande kinachomalizika. Ningeambiwa nichague kimoja tu kwa ajili ya msamaha, ningechagua habari za Yusufu, Mwanzo sura ya 37 hadi ya 50. Ni sura 14, jioni 14. Mna baba anayempenda mtoto mmoja waziwazi na kumvika vazi ambalo wenzake hawana, watoto wa mama mbalimbali katika boma moja, wivu, uongo mbele ya mzazi, njaa, na ghala. Mkulima wa mahindi hahitaji kufafanuliwa lolote humo. Mzazi asome mwenyewe mapema sura ya 38 na ya 39, aamue kama watoto wadogo wazisikie au waruke.

Mkifika sura ya 42, msiende mbio. Watu hupenda kusema Yusufu aliwasamehe ndugu zake, wakaishia hapo. Andiko linasema zaidi. Aliwatambua, lakini hakujitambulisha. Aliwahoji, akamzuia mmoja wao, akadai wamlete mdogo wao, akajitenga kwenda kulia peke yake. Alijifunua katika sura ya 45 tu, baada ya Yuda kujitolea kubaki mtumwa badala ya Benyamini, yaani baada ya mmoja wa wale waliomuuza kuonyesha kwa tendo kwamba amebadilika. Waulizeni watoto kwa nini Yusufu alikawia. Majibu yao yatawashangaza, na huenda baba na mjomba waliokosana juu ya mpaka wa shamba wakapata mahali pa kuanzia bila kutajana majina.

Kwa jioni moja tu, someni Waraka kwa Filemoni. Una aya 25. Paulo anamwandikia tajiri ampokee tena mtumwa aliyeondoka kwake, ampokee kama ndugu. Baada ya kuusoma, wasimulieni watoto habari za Adrian Atiman, kwa sababu zinawahusu watu wa upande huu wa nchi. Atiman alitekwa akiwa mtoto karibu na mto Niger, akauzwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, akasomeshwa uganga Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika misheni ambayo mapadri hao waliipokea mwaka 1885. Alitibu watu na kufundisha dini huko hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyenyang'anywa utoto wake na wafanyabiashara ya utumwa aliitumia miaka yake yote kuwaponya watu asiozaliwa nao. Mtoto wa Ufipa akilijua hilo, Filemoni hatakuwa tena jina la mbali.

Nje ya Biblia, usidharau vitabu vidogo ambavyo huenda tayari viko nyumbani. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ambayo vijana wa Kilutheri huikariri kwa ajili ya kipaimara, iliandikwa mwaka 1529 ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Wamoravian wana desturi ya neno moja la Biblia kwa kila siku, iliyochapishwa bila kukatika tangu mwaka 1731. Waadventista wana Kesha la Asubuhi. Mkatoliki mwenye Misale ya Waumini anayo masomo ya Dominika, na familia ikiyasoma Jumamosi usiku watoto watayasikiliza kwa sikio jingine kanisani kesho yake. Tenzi za Rohoni huimbwa karibu katika makanisa yote ya Kiprotestanti, na mnaweza kuanza na kumaliza kwa wimbo mmoja humo hata kama hakuna anayejua sauti ya pili.

Anayetaka hadithi ndefu atafute Safari ya Msafiri ya John Bunyan. Bunyan alikuwa fundi wa vyombo vya bati, akafungwa miaka 12 huko Bedford, Uingereza, kwa kuhubiri bila kibali, na kitabu chake kilitoka mwaka 1678. Hapa nina tahadhari moja. Katika sehemu ya kwanza mhusika anawaacha mke na watoto, anakwenda zake kuutafuta wokovu. Kikisomwa nyumbani, lazima mtu aulize: je, hao walioachwa? Bunyan mwenyewe alirudi kwa swali hilo, na mwaka 1684 akatoa sehemu ya pili, ambamo mke na watoto nao wanasafiri, pamoja, polepole, wakisubiriana. Kwa ibada ya familia sehemu ya pili ndiyo inayofaa zaidi, kwa hiyo ukinunua hakikisha nakala yako inayo.

Juu ya kumsamehe mwenye nguvu aliyekuumiza, Afrika Mashariki ina shahidi wake. Festo Kivengere, mwalimu Mganda aliyewahi kufundisha Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kianglikana wa Kigezi, alikimbia nchi yake mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin, mtawala aliyemkimbia. Hakusema Amin hana hatia. Alieleza mauaji kwa majina. Alichokataa ni chuki kumtawala yeye. Ikiwa kitabu chenyewe hamkipati, habari hii inatosha kuzungumzwa jioni nzima.

Kwa vijana wanaokaribia kuoa, mchungaji Mjerumani Walter Trobisch alichapisha mwaka 1962, akiwa Cameroon, barua alizoandikiana na kijana mmoja aliyekosea katika mapenzi na hakujua amwambie nani. Kitabu kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, kwa kuwa kijana alijibiwa bila kufukuzwa. Kwa waliokwisha kuoana, waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia ni mrefu, lakini sura ya nne peke yake ni hazina. Inachukua sifa za upendo katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 13, moja baada ya nyingine, na kuzileta mezani na chumbani. Papa huyo anasisitiza humo maneno matatu ndani ya nyumba: naomba, asante, samahani. Mume na mke wasome sifa moja kwa juma, wakiwa wawili, watoto wameshalala.

Sasa vya kukwepa, na hapa nasema bila kung'ata maneno. Stendi na kwenye mikutano huuzwa vijitabu vinavyoahidi kuvunja laana za ukoo na kumfichua adui aliye ndani ya familia. Sumbawanga imebebeshwa sifa ya uchawi kwa muda mrefu, na vijitabu hivyo huuzika kwa sababu ya hofu hiyo. Mtu hukisoma kimoja usiku, asubuhi anamtazama bibi yake kwa jicho jingine. Macho ya bibi yamekuwa mekundu kwa sababu amepika kwenye moshi wa kuni miaka hamsini. Wanawake wazee nchini mwetu wameuawa kwa dalili kama hiyo. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Uchawi ya Tanzania, na kwa Mkristo ni kumshuhudia jirani uongo. Kitabu kikikupa jina la adui kabla ya kukuuliza habari za moyo wako, kirudishe kwa muuzaji. Vilevile kitabu kinachokudai sadaka kwa namba ya simu ili sala ifanye kazi.

Jingine linalopotoshwa na vitabu vingi ni msamaha: humwambia mke anayepigwa avumilie tu, na mtoto aliyeharibiwa anyamaze kwa heshima ya ukoo. Msamaha haumzuii mtu kwenda polisi. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto kipo kwa kazi hiyo, na namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure. Ndoa yenye mgogoro usio wa jinai ina Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lililowekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mbali ya padri au mchungaji. Yusufu alisamehe, lakini hakujitia tena shimoni.

Mollo ni mahali penye gereza la kilimo, na kila mfungwa ana nyumba aliyoiacha. Familia yenye ndugu gerezani, hapa au kwingine, inaweza kukubaliana naye kusoma kipande kimoja kwa juma hilohilo, yeye kule, wao huku. Mpeni kitabu kupitia uongozi wa gereza au mhudumu wa kiroho anayeingia humo, kikiwa hakina maandishi ya kalamu wala karatasi iliyochomekwa, kisije kikazuiliwa. Siku ya kumtembelea mtakuwa na jambo la kuzungumza zaidi ya kesi.

Kuhusu kupata vitabu, uliza kwanza dukani kwa parokia au ofisini kwa usharika, maana mara nyingi huagiza kwa pamoja na gharama ya basi hugawanywa. Majina ya wachapishaji wa kuaminika ni pamoja na Benedictine Publications Ndanda-Peramiho, TMP ya Tabora, Central Tanganyika Press ya Dodoma, Paulines, na Chama cha Biblia cha Tanzania. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu utazame mchapishaji na mwaka. Mkatoliki atafute pia idhini ya askofu. Halafu pekua namba za kurasa hadi mwisho, kwa sababu nakala zilizoruka kurasa kumi na sita hufika hadi huku, na kuzirudisha Dodoma si kazi rahisi. Kufotokopi kitabu kizima na kukiuza ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, tena kunawanyima hela wale tunaowahitaji waendelee kuandika kwa Kiswahili.

Simu nayo inafaa. Pakua Biblia ya kusikiliza mara moja ukiwa mjini penye mtandao mzuri, kisha ifungue jikoni bila bando kwa ajili ya bibi asiyeona vizuri. Weka hali ya ndegeni, la sivyo simu itaita katikati ya sala.

Jioni yenyewe iwe fupi, robo saa hadi dakika ishirini. Mtoto asome, aliyekosea asichekwe. Mkubwa aulize swali moja lisilo na jibu la ndiyo au hapana. Kama kuna aliyemkosea mwenzake siku hiyo, baba au mama aanze kuomba radhi; watoto hawataanza wao. Sala, wimbo, kulala. Mkikosa siku mbili, endeleeni mlipoishia.

Jumuiya yenye familia kumi ikinunua vitabu kumi tofauti, kila nyumba itasoma kumi kwa bei ya kimoja. Inahitajika sanduku lenye kufuli lililoinuliwa juu ya matofali kwa ajili ya mchwa, majalada yaliyovikwa nailoni, na daftari lenye jina la mwazimaji, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Ufunguo apewe mtu anayepatikana nyumbani kila jioni, hata kama si mwenyekiti.