Muziki wa viwandani ni upi hasa?

Swali: Rafiki yangu anashikilia kwamba Nine Inch Nails si muziki wa viwandani, ila Throbbing Gristle tu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Jina lenyewe lilitokana na Throbbing Gristle, walioanzisha lebo ya Industrial Records huko Uingereza mwaka 1976, kwa hiyo rafiki yako ana pa kushika. Lakini kipimo changu ni kimoja: kelele ni wimbo wenyewe, au ni kiungo cha kunyunyizia? Wasikilize Einstürzende Neubauten wa Berlin Magharibi, walioanza 1980. Mabati, springi, drili ya umeme. Chuma kinagongwa, kinalia, kisha kinakuja kimya kinachokuingia hadi mifupani. Hao nawapenda kuliko wote. Test Dept wa London nao waligonga vyuma chakavu, na wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa 1984 hadi 1985 walirekodi pamoja na kwaya ya wachimbaji wa Wales waliogoma.

Na Trent Reznor wa Nine Inch Nails? Anatunga nyimbo zenye viitikio vya kuimbika, kweli. Hata hivyo namhesabu ndani: ondoa zile kelele kwenye albamu ya The Downward Spiral ya 1994, nyimbo zinabomoka.