Bodi za Makapi na Kelele za Mabati: Mambo ya Kujua Kabla ya Kujenga

Mvua kubwa ikinyesha saa za masomo katika madarasa yetu mengi ya Migori na Homa Bay yasiyo na dari, somo husimama. Mwalimu hupaza sauti, kisha huachana na maelezo na kuandika ubaoni. Mtoto aliyeketi nyuma hubaki akikisia. Ilhali makapi ya miwa, unga wa mbao na maganda ya mpunga, ambayo yanaweza kutengeneza bodi za kufyonza sauti, yako hapa hapa kwetu.

Sauti hufyonzwaje?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ikigonga kitu kigumu kama ukuta wa plasta au sakafu ya saruji, hurudi chumbani na kuleta mwangwi. Ikigonga kitu chenye vitundu vingi vidogo, hewa hupenya ndani na kusuguana na nyuzi, na nguvu yake hugeuka kuwa joto dogo mno. Ndiyo maana kanisa tupu huvuma, lakini likijaa waumini sauti hutulia. Mwaka wa 1895, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza kupima jambo hili kwa kuingiza mito ya viti katika ukumbi uliokuwa na mwangwi na kuhesabu muda ambao sauti ilidumu.

Kutumia makapi ya miwa si jambo geni. Katika miaka ya 1920, kampuni ya Celotex huko Louisiana, Marekani, ilitengeneza bodi laini za dari kutokana na makapi hayo.

Malighafi tuliyo nayo

• Makapi ya miwa: nyuzi zake ni ndefu na hushikana vizuri. Hata hivyo, viwanda kama SonySugar kule Awendo na Sukari Industries kule Ndhiwa huyachoma kupata mvuke, na wapishi wa sukari nguru huyatumia kama kuni. Uliza bei kwanza. Si takataka ya bure.
• Unga wa mbao: hupatikana katika karakana za maseremala. Chembe zake ni fupi, hivyo huhitaji gundi zaidi.
• Maganda ya mpunga: hupatikana maeneo ya Lower Kuja, Nyatike. Hayaozi upesi, lakini ni vigumu kuyashikanisha.

Hatua ni hizi: osha makapi ya miwa kuondoa sukari, kwa kuwa sukari huvuta ukungu na wadudu, anika hadi yakauke kabisa, changanya na gundi, kwa mfano uji wa wanga wa muhogo, shindilia kwenye kalibu, kisha kausha polepole. Usishindilie kupita kiasi. Bodi nzito isiyo na vitundu hurudisha sauti kama ukuta.

Kufyonza si kuzuia

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Bodi laini hupunguza mwangwi ndani ya chumba. Ikiwa dari, hupunguza kelele ya mvua, ingawa haiimalizi. Lakini haitazuia muziki wa kilabu au ngoma za kanisa kumfikia jirani. Sauti huzuiwa na kuta nzito, milango inayofunga barabara na kuziba mianya chini ya paa. Mdundo mzito hauzuiliki kwa urahisi, kwa hivyo dawa ya kwanza ni kupunguza sauti ya spika.

Kanuni za kelele za mwaka wa 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya makazi mchana na 35 usiku. Usiku huanza baada ya saa mbili jioni. Kubandika bodi ukutani si kibali cha kupita kiwango hicho.

Usalama kwanza

Makapi makavu hushika moto haraka. Bodi isiyotiwa dawa ya kupunguza moto, kama boraksi, isiwekwe darasani wala karibu na jiko au nyaya za umeme. Unyevu wa ziwa huleta ukungu, na mchwa hupenda nyuzi, kwa hivyo rekebisha paa linalovuja kwanza. Anayefanya kazi hii avae barakoa: vumbi la makapi ya miwa yaliyoota ukungu huleta ugonjwa wa mapafu. Pia usipake bodi rangi ya mafuta, kwani huziba vitundu.

Jipimie mwenyewe

Ingia darasani likiwa tupu, upige kofi moja. Mlio ukiendelea kuvuma, mwangwi ni mwingi. Anza na dari, halafu ukuta wa nyuma, na uache nafasi ya hewa ya sentimita 5 hivi kati ya bodi na ukuta.

Kamati za shule, makanisa na vikundi vya vijana: jaribuni chumba kimoja kwanza. Anayetaka kuuza bodi atafute kwanza ushauri wa KEBS kuhusu viwango. Mtoto wa nyuma naye ana haki ya kumsikia mwalimu wake.