Anataka niende Kinshasa peke yangu

Mama, nina miaka 19, ninaishi Mangobo na ninaimba kwaya kanisani. Rafiki yangu aliniazima riwaya ya mapenzi ya wasichana watatu wanaohamia mjini kutafuta umaarufu. Mmoja anakuwa mwimbaji na kuolewa na prodyuza wake. Nimeisoma mara nne. Sasa kuna mwanamume wa Kinshasa aliyesikia sauti yangu kwenye simu. Anasema atanilipia ndege, nitafikia kwake, niende peke yangu na nisimwambie mtu mpaka mambo yaive. Mchumba wangu anabeba abiria kwa pikipiki. Ni mtu mwema, lakini nikitaja muziki ananyamaza. Nifanye nini?
Mwenye Ndoto, Kisangani

Binti yangu, usiende. Nimetanguliza hilo kwa sababu huenda tiketi imeshatumwa. Muziki sikukatazi, ninachokataza ni safari ambayo mama yako hatajua umelala wapi.

Riwaya nayo usiitupe. Mimi nilizisoma za namna hiyo usiku kwa kibatari, na bado nazipenda, maana zinamruhusu msichana kutamani jambo kubwa kabla hajaruhusiwa na mtu. Ila zinaruka kurasa. Msichana anashuka mjini, sura inayofuata yuko jukwaani. Hapo katikati ndipo penye kazi, na ndipo penye hatari.

Sikia kisa cha kweli. Mji wetu huu ulipokuwa bado Stanleyville, mwaka 1954, alizaliwa Elisabeth Finant. Baba yake, Jean-Pierre Finant, aliliongoza jimbo letu la wakati huo, akauawa mwaka 1961, binti akiwa bado mdogo sana. Mwaka 1971 binti huyo aliingia shindano la waimbaji vijana Kinshasa. Hakutoka wa kwanza. Lakini hapo ndipo Gérard Akueson, meneja kutoka Togo, alipomsikia. Mwaka 1973, akiwa na miaka 18, aliimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris, na mwaka uliofuata Carnegie Hall, New York. Wewe na mimi tunamjua kwa jina la Abeti Masikini.

Najua utaniuliza: si Abeti naye aliolewa na meneja wake? Ndiyo, aliolewa naye. Lakini angalia walipokutana: kwenye shindano, mbele ya macho ya watu. Na katika bendi yake, gitaa alilipiga kaka yake wa damu, Abumba. Huyu wako anataka uje bila kaka, bila mama, bila hata rafiki wa kujua unakoshukia. Mtu anayetaka sauti yako, kaka yako anamzuia nini?

Mjibu hivi: nitakuja na ndugu yangu, tutafikia kwa jamaa zetu, na mkataba uniletee kwa maandishi nisomewe na mtu anayejua sheria kabla sijatia sahihi. Kama ni mtu wa kazi, atakubali au mtajadiliana. Akikasirika, au akianza kukuomba picha, mfunge kwenye simu yako siku hiyo hiyo.

Wakati huo endelea na kwaya, wala usione kuitikia ni kupoteza muda. Mwimbaji Mbilia Bel alianza kwa kuitikia nyuma ya Abeti. Na usidhani sanaa yote iko Kinshasa: Faustin Linyekula, ambaye ngoma zake zinachezwa Ulaya na Marekani, aliileta kampuni yake ya ngoma, Studios Kabako, hapa Kisangani mwaka 2006. Nenda ukaone vijana wa mji huu wanavyorudia hatua moja mpaka jasho linawatoka.

Kuhusu mchumba wako, sidhani kimya chake ni ubaya. Pengine anahesabu abiria wa siku nzima na kuona hawafikii nauli ya ndoto yako, kisha anaona haya kusema. Jumapili mwite aje kanisani akusikilize. Jioni mkae, umwambie habari zote, ukianza na za huyo mtu wa Kinshasa, kabla hajazisikia kwa abiria wake.

Na leo, kabla hujaandika jibu, mpe mama yako simu asome ujumbe wote ulioletewa.