Sulhu Kabla ya Kufika kwa Hakimu

Ndugu zangu katika imani, somo la toleo hili ni sulhu katika madeni madogo, yale ambayo ukiyapeleka mahakamani, nauli na siku unazopoteza hula nusu ya haki yenyewe. Nitalieleza kwa kisa cha nyumbani kwetu, kwa sababu ndani yake nilikosea kwanza, ndipo nikajifunza.

Mjomba wangu alikuwa na duka la mitumba Lilongwe. Mwanzoni mwa 2023 alimkopesha mfanyabiashara mwenzake, ndugu anayeswali naye msikiti mmoja, marobota mawili ya nguo. Walipatana kwa mdomo baada ya swala ya Isha, bila karatasi. Mwezi Machi mwaka huo serikali ikaamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka. Mjomba akafunga duka akarudi kambini, deni likabaki mjini.

Anayeijua Dzaleka ataelewa uzito wake. Kambi iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, na mkimbizi hatakiwi kutoka bila kibali. Kesi ikiahirishwa mara tatu, hivyo ni vibali vitatu na nauli mara tatu, na hujasikilizwa bado. Mjomba alitaka kushtaki hivyo hivyo. "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wetu. Niandikie barua."

Nikaandika, tena kwa ukali. Alipe kwacha 370,000 ndani ya siku 7, la sivyo tukutane mahakamani. Na kila wiki atakayochelewa aongeze 10,000. Nilijiona wakili kabisa. Kabla ya kuipeleka nikamwonyesha ustadhi anayetufundisha fiqhi. Akachukua kalamu akaukata mstari wa 10,000. Nyongeza juu ya deni kwa ajili ya muda ni riba, akasema, hata ukiiita faini, hata mdaiwa mwenyewe akiikubali. Kisha akaniuliza, "Huyo bwana anakiri kiasi gani?"

Sikujua. Sikuwa nimemuuliza.

Swali hilo ndilo mlango wa babu hii yote. Wanazuoni wameigawa sulhu ya madai kwa kutazama jibu la mdaiwa. Akikiri deni, wote wanakubali kwamba sulhu inafaa: mdai anaweza kusamehe sehemu au kumpa muda. Akikana, wanazuoni wa Kihanafi, Kimaliki na Kihanbali wanaijuzisha bado, lakini katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, haisihi, kwa kuwa hakuna haki iliyothibiti ya kufanyiwa sulhu. Hata kwa asiyefuata madhehebu hayo, faida yake ni kubwa: usitaje punguzo kabla hujajua mwenzako anakubali nini.

Dalili yake mashuhuri ni kisa cha Ka'b bin Malik (r.a.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alimdai Ibn Abi Hadrad msikitini mpaka sauti zao zikapanda, na Mtume (S.A.W.) akazisikia akiwa chumbani mwake. Akafunua pazia, akamwashiria Ka'b aondoe nusu ya deni. Ka'b akakubali papo hapo. Hapo ndipo Mtume akamgeukia mdaiwa akamwamuru asimame alipe. Angalieni utaratibu: deni halikuwa na ubishi, msamaha ukatoka kwa mwenye haki, na malipo yakadaiwa bila kungoja. Wahubiri wetu husimulia msamaha wa Ka'b na kuisahau amri ya mwisho, na wadaiwa wengi hupenda isahauliwe.

Basi nikampigia yule mfanyabiashara, nikampa salamu, nikamuuliza tu. Alisema robota la kwanza lilikuwa 260,000, hilo halina ubishi. La pili lilikuwa daraja la chini na walipatana 200,000, si 260,000. Alikwisha kulipa 150,000. Kwa hesabu yake anadaiwa 310,000. Kumbe ugomvi uliotaka kutupeleka kwa hakimu ulikuwa wa 60,000 tu! Zile 310,000 zilikuwa zinangoja mtu wa kuziuliza kwa adabu.

Tulikutana msikitini Lilongwe siku moja baada ya Alasiri, kwa kibali kimoja. Kuhusu zile 60,000, ustadhi alimweleza mjomba wazi: ushahidi ni juu yako wewe mdai, na huna shahidi, mwenzako anayekana ana kiapo. Akatukumbusha hadithi ya Ummu Salama (r.a.), kwamba hukumu hutolewa kwa yanayosikika, na anayeshinda kwa ufasaha wa ulimi kwa haki isiyo yake amekatiwa kipande cha moto. Lilikuwa onyo kwa wote wawili. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Simwapishi mtu kwa elfu sitini. Nimemsamehe."

Tukaandika, kama tulivyoamrishwa katika Suratul-Baqara aya ya 282: kiasi kilichokiriwa, kiasi kilichosamehewa, awamu 5 za 62,000 kila mwezi, tarehe zake, namba ya simu ya kupokelea, sahihi za wote na za mashahidi wawili. Faini hatukuweka. Wala hatukumzuia mjomba kwenda mahakamani iwapo makubaliano yangevunjwa. Kwa sheria ya Malawi madai ya mkataba wa kawaida yana miaka 6, kwa hiyo anayefanya sulhu mapema hajapoteza nafasi yake. Na kama kesi imekwisha kufunguliwa, makubaliano kama haya hupelekwa kwa hakimu ayaandike kuwa amri ya mahakama.

Awamu tatu zililipwa kwa tarehe. Ya nne ilichelewa siku 19. Alipiga simu mapema akaeleza kwamba mtoto amelazwa, na mjomba akamngoja, kwa aya ya 280 ya sura ile ile. Ya tano ilikuja pamoja na kofia mpya ya mkono. Mjomba akaogopa kuipokea, akanituma kwa ustadhi kuuliza kama si riba. Jibu likawa si riba, kwa kuwa haikushurutishwa, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alilipa ngamia bora kuliko aliyemkopa. Mjomba huivaa siku za Ijumaa.