Eksirei safi, mkono haunyanyuki

SWALI: Mdogo wangu alianguka na bodaboda miezi miwili iliyopita, akafikia bega. Eksirei ilionyesha hakuna mfupa uliovunjika. Vidole anavikunja vizuri, lakini bega halinyanyuki na kiwiko hakikunjiki. Tumeambiwa tusubiri, mishipa itarudi yenyewe. Tusubiri hadi lini?

JIBU: Msisubiri nyumbani. Eksirei huonyesha mifupa, na mishipa ya fahamu haionekani humo hata ikiwa imekatika kabisa. Mkono hupata nguvu na hisia kutoka mizizi mitano ya mishipa hiyo, minne ya shingoni (C5 hadi C8) na mmoja wa kifuani (T1), ambayo huungana na kugawanyika nyuma ya mtulinga kabla ya kushuka kwapani. Bega likigonga chini huku kichwa kikisukumwa upande wa pili, mizizi ya juu ndiyo huvutika zaidi. Hiyo ndiyo inayoinua bega na kukunja kiwiko; ya chini huendesha vidole. Kwa maelezo yako, yaelekea C5 na C6 ndiyo iliyoumia na ya chini imesalimika, jambo ambalo, kama utakavyoona, ni akiba kubwa.

Aliyewaambia msubiri ana hoja. Tangu mpasuaji Seddon alipoyapanga majeraha ya mishipa ya fahamu mwaka 1943 inajulikana kwamba mshipa uliovutika bila kukatika unaweza kupona wenyewe, na wengi hupona hivyo. Tatizo ni muda. Mshipa unaoota upya husogea takribani milimita 1 kwa siku, na kutoka shingoni hadi msuli unaokunja kiwiko ni safari ya miezi mingi. Msuli nao haungoji milele: ukikaa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu bila mshipa, hunyauka kiasi cha kutoweza kuupokea tena. Ndiyo maana wapasuaji hupendelea kuingilia kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Anayekuja baada ya mwaka amekwishatumia muda ambao mshipa ungeutumia kuota.

Mtasema MRI, kipimo cha picha kinachoweza kuonyesha mishipa hiyo, ni ghali na iko mbali. Kweli, na ikipigwa siku za mwanzo damu na uvimbe huweza kupotosha. Wiki tatu au nne baadaye huonyesha vizuri zaidi kama mzizi umeng'oka kutoka kwenye uti wa mgongo. Kipimo cha umeme wa misuli nacho kina maana kuanzia muda huohuo. Lakini daktari makini hupata mengi kwa macho na mikono. Kope iliyolegea na mboni iliyosinyaa upande ulioumia huashiria kwamba mzizi wa T1 umeng'oka. Akigonga juu ya mtulinga na mgonjwa akahisi umeme ukishuka mkononi, huenda mshipa umekatikia nje ya uti, mahali panaposhoneka.

Mzizi uliong'oka haurudishwi ukafanya kazi kama zamani, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema mno. Mwaka 1994 Mfaransa Christophe Oberlin alieleza upasuaji wa kuchukua nyuzi chache za mshipa unaokwenda vidoleni na kuziunganisha na ule wa msuli wa kukunja kiwiko, kwenye mkono wa juu. Vidole kwa kawaida havipotezi nguvu ya kuonekana, na safari ya kuota hubaki sentimita chache tu. Upasuaji huo unahitaji vidole vinavyofanya kazi, na mdogo wako anavyo.

Wiki hii ombeni rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa au wa mishipa ya fahamu; kwa walio Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ni pa kuanzia. Mazoezi ya kunyoosha bega, kiwiko na vidole yaendelee kila siku, maana kiungo kilichokakamaa hakitasaidiwa na mshipa uliopona. Pasi na sufuria za moto zikae mbali na ngozi iliyokufa ganzi. Na kila mwezi apimwe nguvu na iandikwe: ikiwa mwezi wa tatu utaisha bila msuli wa kiwiko kushtuka hata kidogo, muulizeni daktari tarehe ya upasuaji.