Notsi Zikipakiwa Bila Kusomeka: Haki ya Mwanafunzi wa Isimu

Mhadhiri wa sintaksia amepakia notsi za wiki kwenye jukwaa la masomo la chuo. Katikati ya ukurasa pana mchoro wa matawi: S (sentensi) juu, KN (kundi nomino) na KT (kundi tenzi) chini yake, kisha maneno ya sentensi. Mwanafunzi asiyeona analifungua faili hilo kwa programu ya kusoma skrini, na kompyuta inamtamkia neno moja tu: "picha".

Kwa sheria za Kenya, hilo si suala la kuombana radhi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa, na kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Kuna pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008. Mkataba huo unataja elimu ya juu waziwazi, tena unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi.

Chuo kina utetezi mmoja: kwamba marekebisho yanayodaiwa ni mzigo kupita kiasi. Katika isimu, utetezi huo ni mgumu kusimama. Kila aliyefanya mtihani wa Kiswahili wa KCSE anajua kuchanganua sentensi kwa mishale: S → KN + KT, mstari kwa mstari. Hayo ni maandishi, na programu huweza kuyasoma. Alama za kifonetiki nazo zichapwe kwa Unikodi, zisibandikwe kama picha. Kisingizio kwamba hazina Breli hakipo: Robert Englebretson, mwanaisimu asiyeona wa Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani, aliihuisha Breli ya Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa mwaka 2008.

Kwa wanafunzi viziwi, tatizo ni video zisizo na manukuu. Huko Marekani, chama cha kitaifa cha viziwi kilivishtaki vyuo vya Harvard na MIT mwaka 2015. Harvard ilikubali mapatano ya kuweka manukuu mwaka 2019, MIT mwaka 2020. Manukuu ya mashine pekee hayatoshi, hasa kwenye fonetiki. Mhadhiri akitamka sauti moja moja, mashine hubahatisha maneno, na mara nyingine matokeo ni kichekesho.

Ili kudai haki hizi, mwanafunzi aandike barua pepe mapema, ikiwezekana kabla muhula haujaanza, kwa mhadhiri na nakala kwa mkuu wa idara. Ataje faili, ukurasa, umbo analotaka na tarehe. Ujumbe wa "notsi hazisomeki" hujibiwa kwa pole. Akiambiwa amesamehewa swali la mchoro kwenye mtihani, anaweza kukataa: alilipa karo afundishwe, si arukwe.

Chuo kikinyamaza, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa hupokea malalamiko, sawa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Mahakama Kuu nayo iko wazi. Chini ya Kifungu cha 22 cha Katiba, kesi ya kutetea haki za msingi haitozwi ada ya kuifungua, na mtu mwingine anaweza kuiwasilisha kwa niaba ya asiyeweza. Ushahidi wa kuhifadhi ni barua zote, majibu yake, na nakala ya faili lenyewe kabla halijabadilishwa.