Menomeno ya Kishikio: Yachore au Yaandike?

Shika mikrometa, chuma cha kunyanyulia uzani au skrubu ya kukaza kwa vidole. Vyote vina sehemu iliyotiwa menomeno makusudi ili mkono usiteleze. Wanaojifunza kuchora vifaa kwa kompyuta hukwama sana hapo, na maswali yao hufanana.

Swali: Nimechora skrubu ya kukaza kwa vidole. Nianzie wapi kuweka yale menomeno yenye umbo la almasi?

Jibu: Anza kwa kujua nani ataitengeneza. Ikiwa ni fundi wa mashine ya kukereza, usichore hata jino moja. Kwa kawaida yeye hachongi jino mojamoja. Hukandamiza magurudumu madogo ya chuma kigumu juu ya kazi inayozunguka, na chuma hujiinua chenyewe kuwa menomeno. Anachohitaji kwako ni silinda laini na maandishi: aina ya menomeno, umbali wa jino hadi jino, na sehemu yanapoanzia na kuishia. Kiwango cha Kijerumani cha DIN 82 kina vifupisho vya kazi hiyo. RAA ni mistari iliyonyooka, RGE ni almasi zilizoinuka, na umbali uliozoeleka ni milimita 0.5, 0.6, 0.8, 1.0, 1.2 na 1.6. Andika pia kama kipenyo ulichotoa ni cha kabla au cha baada ya kukandamiza, kwa sababu chuma kikiinuka kipenyo huongezeka. Michoro mingi husahau hilo, halafu lawama anabeba fundi.

Swali: Mteja anataka aione ikiwa na menomeno.

Jibu: Mbandikie picha ya menomeno juu ya silinda. Programu nyingi zinaweza. Macho yataridhika na faili itabaki nyepesi.

Swali: Mimi nachapa kwa printa ya 3D, kwa hiyo lazima yawemo kwenye modeli. Hesabu yake ikoje?

Jibu: Hapo sasa kuna kazi. Tuchukue silinda ya kipenyo cha milimita 20 na urefu wa milimita 30. Mzingo wake ni milimita 62.8. Ukitaka jino kila milimita 1 unapata meno 62.8, na meno hayahesabiwi kwa desimali. Chagua 60. Kila mkato utakuwa digrii 6 kutoka kwa mwenzake, na umbali utakuwa milimita 1.05, tofauti ambayo kidole hakitaitambua.

Sasa mlalo. Almasi za kawaida hutokana na mikato iliyolala digrii 30 kutoka kwenye mhimili. Gawanya mzingo kwa tanjenti ya 30, utapata takriban milimita 108.8, nao ndio urefu ambao mkato ungehitaji ili kuzunguka silinda mara moja. Kwa milimita zako 30, utazunguka digrii 99 tu.

Chora pembetatu kwenye uso wa mwisho wa silinda, kina milimita 0.4 na upana 0.9, kitako chake kikitokeza kidogo nje ya silinda. Kikiishia sawasawa na uso, programu huweza kubakiza utando mwembamba au kugoma kabisa. Ikokote pembetatu hiyo kwenye njia ya mzunguko ili ikate, kisha fanya mkato wa pili unaozunguka upande wa pili. Hiyo miwili ndiyo uirudie mara 60.

Anayetumia OpenSCAD, ambayo ni ya bure, ana njia fupi zaidi: chora duara lenye meno 60, lirefushe huku ukilisokota digrii 99, fanya la pili kwa digrii hasi 99, halafu chukua sehemu ambayo maumbo yote mawili yanashirikiana. Binafsi naipenda njia hii kuliko kuhangaika na mikato.

Swali: Yatatoka vizuri kwenye printa?

Jibu: Kwa nozeli ya milimita 0.4, umbali wa milimita 1 hutoa uso uliofifia. Panua hadi milimita 2 au 3 na uongeze kina. Ukitaka mkwaruzo tu, bila almasi, PrusaSlicer na Cura zina mpangilio uitwao Fuzzy Skin unaotikisa mstari wa nje wakati wa kuchapa. Huhitaji kuchora chochote.

Swali: Na plastiki ya kumimina kwenye kalibu?

Jibu: Tazama kizibo cha chupa ya maji. Mistari yake imenyooka, kwa sababu kizibo lazima kichomoke kwenye kalibu na almasi zingekishikilia. Chora mistari iliyoelekea upande wa kuchomokea.

Swali: Kompyuta yangu huganda nikifika kwenye kurudia mara 60.

Jibu: Haishangazi. Mfano wetu wa juu una almasi karibu 2,000, na kila moja ina pande nne na kilele, yaani nyuso kama 10,000 za kukokotoa. Maliza kwanza matundu, nyuzi za skrubu na kona zote, menomeno yawe hatua ya mwisho kabisa, na uyazime kila unaporudi kurekebisha kitu kingine. Kabla ya kubonyeza amri ya kurudia, hifadhi faili.